Ufa Chini ya Gari la Papa Mukubwa

Mazutu, yaani dizeli, ina harufu isiyotoka. Unanawa kwa sabuni, unanawa kwa majivu, unasugua na ndimu, na kesho yake asubuhi ukiinua kikombe cha chai unaikuta bado vidoleni. Kila ninapopita mbele ya gereji, na hapa Lubumbashi gereji haziishi, mtu akiwa na kipande cha bati na jeki moja tayari amefungua yake, harufu ile ya mazutu ya kuoshea vyuma inaniingia puani na papo hapo nakuwa tena na miaka tisa. Nimekaa juu ya tairi bovu katika uwanja wetu wa Kamalondo, na miguu ya Papa imetokeza chini ya gari jeupe.

Miguu tu. Mwaka ule nilimjua Papa kwa miguu yake kuliko kwa uso wake. Nilijua soksi ipi imetoboka na kisigino kipi cha kiatu kimelika upande. Nilijua pia kwamba miguu ikitulia kabisa yuko anafikiri, na kidole gumba kikianza kuchezacheza ndani ya soksi, amepata kitu.

Papa alikuwa mekanisie, tena wa kusifiwa. Watu walimletea magari yaliyowashinda wengine, nao walipoyachukua walikuwa wakimwita dokta. Lakini gari lile jeupe halikuwa la mteja. Lilikuwa la marehemu kaka yake, Papa Mukubwa Gaspar.

Mngeliona gari lenyewe mngenielewa. Lilikuwa gari refu la Kijerumani, lenye umri kumshinda Papa, mataa yake ya mbele mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka, na usukani mwembamba, mpana kama ungo, wenye rangi ya pembe. Papa Mukubwa alilipata kwa injinia mmoja mzee wa mgodini aliyekuwa anarudi Ulaya. Tangu hapo hakukuwa na harusi ya maana katika mtaa wetu ambayo bibi arusi hakupelekwa na Papa Mukubwa Gaspar, amevaa glovu nyeupe, anaendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai. Chini ya gari alipaka lami yote, kutoka mbele hadi nyuma, ili mvua isile chuma. Mimi na watoto wenzangu tulimsaidia siku ile, na Maman alitukata nywele kwa sababu lami haikutoka.

Alikufa kwenye barabara ya Kasenga, mchana kweupe, akiteremka kuelekea daraja la Naviundu. Alikuwa ameshamfikisha bibi arusi na anarudi peke yake. Gari liliacha barabara pahali ambapo hakuna kona, likagonga ukingo wa saruji. Wenye harusi walikuwa wamempa kreti ya bia kama asante, ameiweka kwenye kiti cha nyuma, na chupa zote zilipasuka. Watu waliokimbilia pale walikuta mtu amekufa katika gari linalonuka bia kutoka kwenye paa hadi kwenye zulia. Hawakuhitaji kuuliza zaidi. Siku ya maziko hata wale waliokuja kulia walikuwa wakisema kwa sauti ya chini kwamba kumbe Gaspar alirudia.

Alirudia, kwa sababu zamani alikunywa kweli. Katika ujana wake pombe ilitaka kumuua, na mama yao ndiye aliyemtoa huko. Alimpigisha magoti mbele ya wazee wa kanisa kule Pweto, naye akaapa kwamba hataonja tena. Tangu siku ile, Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa Papa, alikuwa akilitaja jina la Gaspar kama mtu anayeonyesha nguo yake nzuri.

Nkambo alifika kwa ajili ya kilio, juu ya lori la samaki wakavu, siku mbili baada ya maziko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono migumu kwa miaka mingi ya kugeuza samaki juu ya moto kando ya ziwa. Alipoambiwa habari ya bia, hakulia. Aliuliza nani aliyeona. Wakamwambia wote waliona, au tuseme wote walisikia harufu. Akavua kitambaa cha kilio kichwani, akakikunja mara nne, akakitia kwenye kikapu. Hakwenda makaburini siku ile. Hakwenda siku ya arobaini. Alipoomba kabla ya kula, alituombea sisi wote kwa majina, na jina la mtoto wake wa kwanza halikuwamo.

Alitaka kurudi Pweto, lakini lori lile lilikuwa limemvunja kiuno, na daktari alimkataza kupanda jingine. Ndipo Papa akasema neno ambalo baadaye lilimfunga. Alisema, na yaya ndivyo alivyomwita kaka yake: gari la yaya nitalitengeneza, na nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Lilikaa nyuma ya nyumba, pua imebonyea. Kazi ya bati ilimchukua miezi, lakini hiyo haikumtisha. Aligongagonga, akanyoosha, akabadilisha gurudumu lililopinda, akang'oa viti na kuvianika juani mpaka harufu ya bia ikaisha, au mpaka tukaizoea. Siku injini ilipowaka Maman alipiga kigelegele dirishani. Tulipanda wote, tukashika barabara ya Kasenga kujaribu.

Mpaka hamsini gari lilikwenda kama maji. Kwenye sitini usukani ukaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, kama mkono wa mtu mwenye baridi, halafu kwa nguvu, mpaka mlango wa kisanduku cha mbele ukafunguka wenyewe na miwani ya Nkambo ikamwangukia mapajani. Papa akaondoa mguu, gari likatulia. Akajaribu tena. Sitini, mtetemeko ukarudi.

"Ni kintu kidogo," alisema.

Kintu kile kidogo kilitutafuna msimu mzima wa kiangazi. Kwanza alitazama magurudumu, akayapima uzito na kugonga vipande vya risasi kwenye rimu. Tukaenda, likatetemeka. Akafikiria rulma, yaani beringi za magurudumu, akazikaza. Akafuata rotuli, zile ncha zenye gololi ya chuma zinazounganisha fito za usukani na magurudumu. Mbili zilikuwa zimelika, zinacheza kama jino la mtoto. Mpya hazikuwako kwa gari la umri ule, kwa hiyo alizunguka mji mzima akapata za gari jingine, akampa mtu wa mashine azichonge zikae. Tukaenda, na safari hii mtetemeko ulikuja kwenye sitini na tano. Papa alirudi akiimba. Baada ya wiki ulishuka tena kwenye sitini, halafu kwenye hamsini na tano.

Kila Jumamosi ya kujaribu, Nkambo alivaa viatu vyake vya kanisani, akachukua kikapu chake kilichofungwa tayari, na kukaa mbele.

"Kama imepona, tusirudie nyumbani," alimwambia Papa. "Tuendelee tu."

Maman alicheka akauliza je, mimi na Papa tutakula nini njiani. Nkambo akafunua kikapu. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha, chumvi, na nguo zangu mbili ambazo sijui alizichukua saa ngapi. Kila Jumamosi tulifika karibu na Naviundu, Papa akageuza gari, na mihogo tukailia uwanjani kwetu.

Nilianza kuona jinsi Papa alivyobadilika. Aliacha magari ya wateja. Walikuja, wakasimama mlangoni, wakaona miguu, wakaondoka. Alifungua sanduku la usukani, akalikaza kwa skrubu yake, likawa gumu hata halirudi lenyewe baada ya kona. Akalilegeza. Alitengeneza bushi kwa mpira wa mkanda uliokuwa ukibeba mawe mgodini. Aliniambia kwamba usukani una mahali pengi pa kupotezea neno: dereva anasema kushoto, neno linapita kwenye nguzo, kwenye sanduku, kwenye mkono, kwenye fito, na kila kiungo kilicholika kinakula kipande, mpaka gurudumu linasikia nusu tu. Kazi ya mekanisie ni kumtafuta anayekula. Nilifurahi sana kuambiwa jambo la watu wazima. Sikuona kwamba hakuwa anazungumza nami.

Siku yenyewe Maman alikuwa sokoni. Papa alitaka mtu ageuze usukani kidogo kushoto, kidogo kuume, magurudumu yakiwa chini, huku yeye akiwa chini ya gari ameshika kiungo kimoja kimoja kwa mkono kusikia mwendo unapotea wapi. Usukani wa magari yale ni mzito. Nilijaribu, nikaning'inia tu kama nguo kwenye kamba. Nkambo akaniambia nisogee.

Alipanda mahali pa dereva. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa upande ule wa gari lolote. Alipanga kitenge chake magotini, akaushika usukani kwa mikono miwili, na ile mikono yake ya samaki haikupata shida yoyote.

"Kushoto, mama," sauti ya Papa ikatoka chini. "Kuume. Kushoto."

Mimi nilikaa pembeni yake. Alikuwa akitazama mbele kupitia kioo, kwenye ukuta wa jirani, kwa uangalifu mkubwa kabisa, kama vile ukuta ungeweza kusogea. Nikaona anatabasamu. Kwa miezi ile yote sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Geuza tena, mama. Polepole."

Akageuza.

"Tena."

Nkambo akangoja, akageuza tena bila kuambiwa, kushoto, kuume. Nikateremka, nikalala kifudifudi kuchungulia. Papa alikuwa ameosha kwa mazutu sehemu ambayo sanduku la usukani limefungwa kwenye shasi, akakwangua lami. Kila Nkambo alipogeuza, sanduku lote lilisogea kwanza, kabla ya gurudumu, na kando yake ufa ulifunguka na kufunga. Ulikuwa mrefu kuliko kidole changu. Papa alikuwa anatia ncha ya kisu ndani yake, anavuta, na kutoka humo kilikuwa kinatoka kitu chembamba, cheusi, kama uzi. Aliutazama uzi ule akiushika kati ya vidole viwili. Niliangalia miguu yake. Kidole gumba hakikucheza.

"Umepata?" Nkambo aliuliza kutoka juu.

"Shasi imepasuka. Pale inashika usukani."

Mikono ya Nkambo ilikuwa bado juu ya usukani, nilijua kwa sababu ufa ulikuwa bado wazi. Halafu akauliza kipi kilitangulia, ufa au ajali, swali ambalo nililisikia wakati ule kama swali lolote la mtu mzee.

"Ilipasukaka mbele ya accident, ao nyuma?"

Papa alipangusa kisu kwenye suruali. Uzi mweusi aliutupa.

"Ni accident, mama," alisema. "Accident njo ilipasula."

Nkambo akaachia usukani. Ufa ukafunga.

Alikuja mchomeleaji wa jirani, akagonga chuma kwa nyundo kuzunguka ufa, na nyundo ikatoboa. Kutu ilikuwa imekula chini ya lami, chuma kimebaki kama mkebe wa sadini. Alisema anaweza kuweka kiraka cha kutembelea mjini, lakini kwa njia ya Pweto, na mama mzee ndani, mkono wake hautagusa. Papa alimwitikia tu.

Walikuja watu wawili waliotaka kulinunua hivyo hivyo, kwa harusi. Mmoja alisema hata kama haliendi mbali, sura yake inatosha. Papa aliwakatalia, na kesho yake alikodi mashine ya kukatia chuma, akalikata mwenyewe vipande vipande. Alianzia mbele. Cheche ziliruka mpaka ukutani. Nilimlilia aniachie angalau usukani ule wa rangi ya pembe, akaukata pia. Nilimchukia siku ile, na nilimwambia. Alivua miwani yake ya kazi akanitazama, halafu akaivaa tena.

Nkambo aliondoka kwa lori. Dereva alikubali kumweka ndani, kwenye kiti, na Maman alimshonea mto wa kuegemeza kiuno. Asubuhi ile, Papa akiwa anafunga mizigo kwa kamba, Maman alimwomba Nkambo wapite kidogo makaburini amuage mtoto wake, lori litangoja.

"Alivunja neno lake mbele ya Mungu," Nkambo alisema. "Baongee yeye na Mungu. Mimi nilishamaliza."

Papa alikuwa hatua mbili kutoka pale. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Namkumbuka vizuri kwa sababu fundo lilikuwa tayari limekaza.

Hatukumwona tena. Habari ilitufikia kwa simu katikati ya mvua, barabara ikiwa imekatika, na Papa hakuweza kwenda kumzika. Alikaa sebuleni siku tatu bila kunyoa. Baada ya hapo alirudi kazini, lakini magari ya kutetemeka usukani hakuyapokea. Aliwaelekeza watu kwingine. Nilifikiri ni kwa sababu lile lilimshinda, na mafundi hawapendi kukumbushwa kilichowashinda. Niliishi na maelezo hayo zaidi ya miaka ishirini, na yalinitosha.

Mwaka juzi nilinunua gari, si jipya, na usukani wake ukaanza kutetemeka. Nililipeleka kwa kijana mmoja wa Naviundu anayeitwa Trezo. Alilala chini, akaniita niangalie. Palikuwa na ufa kwenye chuma kinachobeba mkono wa gurudumu. Nikamwambia nimegonga shimo kubwa wiki iliyopita, labda ndilo.

"Hapana, mama," alisema. "Hii si ya juzi. Angalia, rangi imeingia mpaka ndani. Ufa ya mupya haina rangi. Huyu aliyekuuzia alipaka rangi juu ya ufa, hakuona, ao aliona."

Nilimwuliza na kama badala ya rangi ingekuwa lami. Akasema rangi, lami, ni kitu kimoja. Kilichoingia ndani ya ufa kinakuambia ufa ulikuwako kabla yake. Alinionea huruma, alidhani nimesikitikia gari.

Uzi ule mweusi ulikuwa lami, na lami ile tuliipaka Papa Mukubwa akiwa hai. Mimi mwenyewe nilikatwa nywele kwa ajili yake.

Nilikwenda Kamalondo siku ile ile. Maman hayupo tena, na Papa ni mzee, sikio moja halisikii, gereji ameshaifunga. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nilikaa upande wa sikio zuri, nikamwambia alichoniambia Trezo kuhusu rangi na nyufa. Sikumuuliza kitu. Aliendelea na maharagwe mpaka yakaisha kwenye sinia, mazuri huku, mabovu kule.

"Yaya alikujaka hapa," alisema mwishoni. "Siku ya yenga moja, Jumapili, nilikuwa nakula. Akasema volan, usukani ule, iko inatetemeka. Sikuinua hata gari. Nilimwambia ni magurudumu tu, yaya, tembea. Akatembea."

Nilifikiri atasema aliogopa, au aliona haya, au alitaka kwanza kumfikisha mama yake salama. Pengine yote hayo yalikuwemo. Alipokata lile gari alikuwa anazuia lisimuue mtu mwingine, na alikuwa pia anahakikisha kwamba hakuna atakayechungulia chini yake tena. Siku hizi siwezi kutenganisha moja na jingine, na sidhani kama yeye anaweza.

"Mama aliniulizaka mara moja tu," alisema. "Kama angeuliza mara ya pili, ningemwambia."

Nilichukua sinia nikaenda kuosha maharagwe. Najua kwa nini Nkambo hakuuliza mara ya pili. Mtoto wake alikuwa mekanisie, alikuwa chini ya gari anatazama kwa macho yake, na alikuwa ameshamjibu.